Mstari wa Pili Kwenye Saksafoni

Siku yangu ya kwanza katika bendi ya Nyota ya Uyole, kule Mbeya, Kiongozi hakuniuliza cheti. Afadhali, maana shule niliiacha darasa la tano nikawa utingo wa malori ya barabara ya Zambia. Aliuliza tu, "Gitaa lako umelityuni kwa kufuata nini?"

"Sikio langu, Kiongozi."

"Hapa tunafuata saksafoni yangu."

Kutyuni ni kukaza au kulegeza nyuzi mpaka sauti zipatane. Akanionyesha kizibo kinachoshika mdomo wa saksafoni, kile kipande cha kupulizia. Kilikuwa na mstari wa wino. Mdomo ukifika pale, hiyo ndiyo sauti ya bendi nzima. Mstari aliuchora mwalimu wake, naye hakuwahi kuuvuka.

Baada ya miaka mitatu miguu iliniwasha, nikahamia Iringa, bendi ya Ruaha Ndogo. Huko mkubwa wangu alikuwa Katibu, mama aliyejifunza kodiani, kinanda cha kukunja na kukunjua kifuani, misheni ya Tosamaganga. Nikawashawishi wakubwa wangu wote wawili watunge wimbo mmoja. Iringa watunge beti. Mbeya watunge chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa huchangamka na hata mwenye viatu vya kubana huinuka. Maneno yalisafiri kwa barua mikononi mwa madereva wa mabasi.

Gari la kurekodi la redio lilikuwa lisimame Makambako siku moja tu, bendi zote mbili zikakutana huko ukumbini. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Fundi sauti alichora alama za chaki sakafuni: ngoma nyuma kabisa, mwimbaji mbele. Ukikosea, mnaanza upya wote.

Tulipojaribu, kodiani ilikuwa chini kidogo ya saksafoni. Zilisikika kama mbuzi wawili wanaogombea mlango.

"Pombe yenu ya ulanzi hiyo, mmelewa!" wakapiga kelele wa Mbeya.

"Na nyie ndizi zenu zimewaziba masikio!" wakajibu wa Iringa.

Fundi sauti akatazama saa. "Nimebakiwa na utepe wa wimbo mmoja. Saa nane naondoka, muwe tayari msiwe tayari."

"Hilo sanduku la kodiani lifuate bendi," Kiongozi akasema.

Mimi niliwahi kuifungua ile kodiani, kwa udadisi tu, na Katibu akaninunia wiki nzima. Ndani kuna vipande vya chuma; kuvibadili sauti ni kuvikwangua kwa tupa, kimoja kimoja, siku nyingi.

"Kiongozi, kodiani haigeuki leo. Saksafoni inageuka. Vuta mdomo nje kidogo, sauti ishuke."

"Nivuke mstari wa mwalimu wangu?"

Nikaona wimbo wetu unakufa kabla ya kuzaliwa.

Katibu akasema taratibu, "Kaka, mwalimu wako angesikia fujo hii, angefanyaje?"

Kiongozi akaangua kicheko. "Angenichapa!"

Akauvuta mdomo. Tukatyuni magitaa yote upya, tukapiga mara moja, utepe ukaisha nasi tumemaliza.

Redioni walitaja Ruaha Ndogo kwanza. Watu wa Uyole walinuna, isipokuwa Kiongozi. "Wataje watakavyo," alisema. "Watu wanainukia kwenye chemko."

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa. Vijana wananiambia siku hizi sauti hunyooshwa kwa kubonyeza kitufe. Nafurahi, na ningependa kukifungua hicho kitufe nione ndani. Lakini mara ya mwisho nilipomtembelea Kiongozi alinitolea saksafoni yake. Kwenye kizibo kulikuwa na mistari miwili.

"Huu wa pili nani kachora?"

"Mimi," akasema. "Wa kupigia na wageni."