Udongo Wetu wa Kuotea Moto

Waliuchukua udongo wetu huku theluji inaanguka. Dalali wa mwenye nyumba kasimama mlangoni na glavu zake za ngozi, wanaume wawili wanatupia magunia garini, na mzee wa Kiairishi wa chumba cha juu kalishika bonge moja kifuani kama kashika mtoto. Nalo wakamnyang'anya. Theluji haijayeyuka, nikampandishia chai nikamkuta kitini kafa, mwili wa baridi.

Nirudi nyuma. Tulikuwa Hounslow, London, nyumba ya kupanga, na hita ya kupashia vyumba joto ilikufa tangu majani yalipoanza kupukutika. Kila dalali akija namwambia. "Wiki ijayo, mama." Wiki zikaja, zikapita.

Yule mzee kwao Ireland wana kinamasi. Ukoo wake una haki, tangu enzi za mababu, kukata udongo mweusi wa pale, kuukausha na kuuchoma badala ya kuni. Anayeinama kuugeuza ukauke ana fungu lake. Kiangazi kimoja nilikwenda naye, nikainama mpaka kiuno kikagoma. Kaka yake akanicheka: "Huyu wa Zanzibar anapanga udongo kama anaanika karafuu."

"Karafuu zingenukia," nikamjibu.

Wakanipa fungu langu. Sharti moja tu: uchome kwako, usiuze hata kipande. Mzee alilishika sharti hilo kama dini.

Tukauleta, tukawasha kwenye meko ya zamani ya ukutani, na chumba chake kikakalika. Ndipo dalali akaenda kaunsili, serikali ya mtaa, kusema tunauza. Bwana wa kaunsili akaja, akanusa, akaandika. Moshi hauruhusiwi London, akasema, udongo uondolewe.

"Na baridi inaruhusiwa?" nikamuuliza.

"Hiyo si idara yangu."

Mie shule sikuipata. Unguja tulitoka mbio baada ya Mapinduzi, ningali mdogo. Lakini waliofanya haya nawajua. Mwenye nyumba aliyeiacha hita ife. Dalali aliyesema uongo. Bwana wa kaunsili aliyeandika moshi, hita asiiandike. Huyo mwenye nyumba mpaka leo anapangisha nyumba ile ile. Napita na basi namwona anaosha gari lake.

Sheria ya moshi naielewa, msinifundishe. Ninachotaka ni mmoja wao asimame mbele yangu anijibu: mlipoyabeba magunia yale, mzee mlimwachia achome nini?