Majivu Kwenye Kaburi la Askari

Nikisikia neno "shujaa" kwenye kipaza sauti, nainuka na kuondoka. Mniwie radhi, ndivyo nilivyo siku hizi. Kuna watu wanalitafuna neno hilo kama karanga, na mimi nimekaa nao meza moja.

Tulikuwa kamati ya wastaafu hapa Songea mjini, tunaandaa kamusi elezo ya watu wa mkoa wetu. Tulikutana Jumamosi kwenye darasa la kuazima, soda mezani, tunabishana nani aingie na nani aachwe. Mimi nilifundisha historia, ndiyo maana nikaitwa. Basi jina lililotugombanisha likatoka nyumbani kwetu: babu wa baba yangu, aliyebeba bunduki wakati wa Maji Maji. Nje ya ukoo hakuna anayemjua. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alitaka aingie kabla yeye hajafa.

"Mwanangu, nikifumba macho babu yangu hajaandikwa, nitamwambia nini huko?" aliniuliza, machozi yanamlenga. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Alibeba bunduki ya nani? Nyumbani kwetu hilo haliulizwi. Tunasimuliwa tu kwamba alikwenda vitani na akarudi na mifugo.

Kamati ikaja nyumbani kwetu Mshangano kuona kaburi. Tukachinja mbuzi. Watu wenye kalamu walikula mpaka mafuta yakawachuruzika viwikoni, hata kaburi hawajalitazama. Ndipo akatokea mtani wetu, bibi mmoja jirani, Mwislamu, asili yake upande wa Namtumbo. Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani, na kwa mtani hakuna adabu: kwenye msiba wetu yeye hucheka, huiga kikohozi cha marehemu, hunyakua kuku na haachii mpaka akombolewe. Siku hiyo alikuja na ungo wa majivu, akayamwaga juu ya kaburi.

"Kula, mchoma vihenge! Si ndicho ulichotupikia? Kula ushibe, askari wa Mjerumani!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wetu alicheka mpaka akapaliwa na nyama. Majivu yale nimeyaona tangu utoto wangu, enzi za mama yake bibi huyo, kila tukisafisha kaburi. Lakini siku hiyo tulikuwa tumekuja kuuliza habari za askari, na hakuna aliyemuuliza yeye. Nikamfuata njiani.

"Shikamoo bibi. Yale maneno ni utani tu?"

"Marahaba. Utani, ndiyo. Na ni kweli." Akasimama. "Bibi yangu alikuwa binti mdogo. Babu yenu alikuja na wenzake, wakachoma vihenge vyote vya nafaka. Wadogo zake bibi wakafa kwa njaa, wanachimba mizizi. Wallahi, alimjua kwa sura! Vita vikaisha, akarudi kuwa jirani. Ungemfanya nini? Tukabaki na utani. Tulimtukana tulivyotaka, naye alicheka, akatoa kuku." Kisha akanishika mkono. "Hicho kitabu chenu, mjukuu wangu, wale watoto watakuwemo?"

Nikamwambia nitapigania wawemo.

Na nilipigania. Jumamosi iliyofuata nilisema askari huyu aingie, tena anastahili kabisa, ila aingie na moto wake: mtu wa hapa hapa aliyechoma chakula cha majirani, na watoto waliokufa kwa ajili hiyo.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema huku anachokonoa meno, "maneno ya watani si ushahidi. Mtani husema lolote."

"Na majigambo ya ukoo wetu kwenye pombe?"

"Hayo ni simulizi za familia."

Loo! Baba mdogo, aliyealikwa kama shahidi, akaninong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Unatuvua nguo." Wakaandika "shujaa aliyeshiriki vita vya Maji Maji kwa ujasiri mkubwa." Alishiriki! Kama mtu aliyehudhuria harusi! Mikono ikanyooka yote isipokuwa wangu, wakaanza kuulizana soda zimebaki ngapi. Sikurudi tena kwenye kamati ile.

Kitabu kilipotoka, baba mdogo akaita watu Mshangano. Padri akabariki kaburi, ukurasa ukasomwa kwa sauti, vigelegele vikapigwa. Tulimfunga jogoo mlangoni makusudi, ili mtani aje amnyakue kama kawaida.

Bibi akaja. Hakuwa na ungo. Amevaa kanga safi, akatusalimia mmoja mmoja kwa upole, kama mgeni. Baba mdogo akachangamka kumchokoza, "Mtani! Leo majivu yako wapi?"

"Poleni na shughuli," bibi akajibu. "Kama hakushika moto, majivu ya nini? Mmeshaandika."

 Aliponifikia mimi alinipa mkono tu, akatoka bila kuonja chakula. Baba mdogo alibaki na kitabu kifuani. Nilimkuta jioni kakaa mlangoni peke yake. Jogoo alikuwa bado amefungwa, na hakuna aliyetaka kumfungua.