Jani la Isale Kwenye Barua Pepe

Barua pepe ile ilinigharimu bando la siku, jani moja la isale, na mkungu wa ndizi ambao mpaka leo haujafika unakokwenda.

Nasoma chuo Moshi mjini huku nikiuza viatu vya mitumba. Mama aliugua, nikapanda kijijini kwetu Kilema kumuuguza, na ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo ikapitwa na tarehe. Bila ripoti ile, narudia mwaka. Nikamwandikia mwalimu kama ninavyojua kuomba, yaani kisokoni: "Mwalimu, naomba wiki tatu. Kama haiwezekani, basi." Nilitaka moja. Tatu ilikuwa bei ya kuanzia.

Sokoni ukigeuza mgongo unaitwa: "Dada, njoo basi, tuongee!" Nikasubiri kuitwa. Kimya. Kwenye barua pepe hakuna anayeuona mgongo wako.

Mama, kajifunika blanketi kando ya moto, akataka nimsomee nilichoandika. Nikasoma.

"Endelea."

"Imeisha, Mama."

"Shikamoo iko wapi? Na jina? Atajuaje ni nani huyo anayemkatia bei?"

"Anwani yangu si anaiona?"

"Inasemaje?"

"Malkia wa Viatu."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu nifike sikuwa nimemsikia akicheka.

"Kakate isale," akasema.

Kwetu, ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale, naye akiliona hawezi kukunyima msamaha. Nikamwambia jani haliingii kwenye simu.

"Hata picha yake?"

Picha ikaingia. Nikaandika upya, yeye akisimamia kila mstari: shikamoo, mimi ni nani, niko darasa gani, Mama anaumwa, naomba wiki moja. Nilitaka kuweka mbili ili mwalimu apate pa kushusha. Mama akanipiga kikofi mkononi.

"Huyo si mteja."

Kesho yake jibu likaja. Mwalimu wetu si wa huku, kwao ni pwani. "Marahaba. Mama apone haraka. Wiki moja umepata. Kiambatanisho nimekiona ila sijakielewa: ni sehemu ya ripoti?"

Nikamsomea Mama. "Mweleze vizuri," akasema, "asije akadhani mboga."

Ripoti niliituma kabla ya muda, ikapokelewa. Siku hiyo Mama alitoka mwenyewe hadi mgombani, taratibu, akanionyesha mkungu wa kukata. "Huu wa mwalimu."

Chuo kinakataza walimu kupokea chochote kutoka kwa mwanafunzi. Nimemwambia Mama. Nikarudia. Anasema yeye si mwanafunzi.

Sasa mkungu uko nyuma ya mlango, ndizi za juu zimeanza kuwa njano, na kila asubuhi Mama ananiuliza kama nimeshamwandikia mwalimu. Ninyi mnaoyajua haya mambo, nisaidieni: barua ya namna hiyo, baada ya shikamoo, inaendeleaje?