Jazi ya Mashine ya Kusaga

Watu wakiniuliza ndugu yangu alijifunzia wapi muziki, nawaonyesha mkanda. Mkanda wa mashine yangu ya kusaga nafaka, ule mweusi unaotoka kwenye mota kwenda kwenye puli kubwa. Ulikatika zamani, marehemu baba akauunga kwa pini za chuma, na tangu hapo kila kiungo kikipita juu ya puli hugonga. Tena hauendi sawa, unachechemea: tak, tak-a, tak. Mafundi wananiambia niubadilishe. Wabadilishe wa kwao!

Mimi ndiye mkubwa kwetu, yeye ndiye kitindamimba. Mtaa mzima unamwita Pumzi, maana akishika saksafoni anaweza kuvuta sauti moja mpaka mteja apimiwe unga, afunge mfuko, aage na kuondoka. Mimi wananiita Mama Unga, na sikatai. Alikulia juu ya magunia yangu. Alipopata saksafoni yake ya mtumba, kitufe kimoja kimefungwa kwa uzi, baba alimfukuza nayo nyumbani, akaja kujifunzia kwenye mashine. Kwa hiyo anapiga jazi, ndiyo, jazi hiyohiyo ya duniani, lakini yake inachechemea na mkanda wangu, na katikati inajibizana na nyundo ya fundi bati wa jirani.

Na alikuwa na kichaa kimoja: alitaka dunia isikie mji wetu. Si mlima, si hoteli, si wanyama wa kwenye picha. Mji. Alirekodi kwa simu, akatuma kwa kila redio ya nje aliyoijua. Wachache waliojibu walisema unapiga vizuri bwana, lakini hizo kelele za nyuma ni za nini? Yeye akawajibu, "Hizo ndizo mji. Wa nyuma ni mimi."

Majirani walisema sikio la kufa halisikii dawa. Eti mcheza kwao hutunzwa. Ndugu yangu alitunzwa vijembe. Mbele yao nilimtetea kufa na kupona, tukibaki wawili nikamgombeza mimi mwenyewe. Si ndiyo kazi ya dada?

Kisha redio moja ikakubali. Mtangazaji wake, mama mgeni anayejua lugha yetu kwa kuungaunga, akaja na fundi mitambo ili watangaze moja kwa moja, nchi kadhaa zikisikiliza. Hapo ndipo Afisa Utamaduni, ambaye miaka yote hakuijua hata njia ya kuja kwetu, akajitokeza na tai shingoni. Alitaka shughuli ifanyike hotelini, na Pumzi apige nyimbo za wageni "ili dunia ielewe."

"Nyimbo zao wanazo," Pumzi akasema. "Wafunge safari yote hiyo kuja kusikiliza zao?"

"Bwana, kibali chako cha kupiga muziki mjini kinatoka mezani kwangu. Usijisahau."

"Sijajisahau. Tutapigia kwenye mashine ya dada."

Mtangazaji naye akasema hapo hapo kwenye mashine ndipo alipopafuata. Afisa akameza mate, akasema haya, lakini yeye atahakikisha pana utulivu.

Sasa nikwambie tulivyoharibu, maana tulioharibu ni sisi, na tuliharibu kwa mapenzi. Afisa alipita akiomba utulivu, na mtaa wetu ukiombwa kikombe hutoa na birika. Nani angetaka kumharibia Pumzi siku yake? Fundi bati alifunga nyundo kwa tambara, akaona haitoshi, akaificha kabisa. Fundi cherehani akafunga kibanda. Wauza nyanya wakawa wanatajiana bei kwa vidole. Mwenye mtoto mchanga akampeleka kwa shangazi yake mtaa wa pili, asije akalia. Na mimi, gauni jipya, kilemba kichwani, nikaizima mashine kwa mkono wangu. Mchana kweupe, wateja wamejaa! Tukajipanga ukutani, mikono tumekunja mbele, tunamtazama.

Mtangazaji akasema maneno yake, akanyoosha kidole: mnasikika. Pumzi akapuliza.

Lo! Ilitoka sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mpiga besi wa bendi yake akamtazama, mpiga dramu akawa anapapasapapasa tu. Ndugu yangu anatafuta pa kukanyaga, hapaoni. Jasho lilimtoka, na mimi nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu nilimjua na nilijua hiyo siyo sauti yake. Mara akaacha. Katikati ya matangazo, dunia nzima imetega sikio, akashusha saksafoni.

"Kwani hapa kafa nani?" akauliza kwa sauti. "Kuna msiba? Dada, umenizimia mashine?"

"Nimeizima kwa heshima yako!" nikamjibu, na hivyo na mimi nikaingia redioni bila kualikwa.

"Heshima gani hiyo? Washa!"

Afisa akaja ananyata, akamshika mkono. Alinong'ona, lakini kipaza sauti hakina adabu, kilimchukua vilevile. "Endelea hivyohivyo kwa utulivu, au leo ndiyo mwisho wako wa kupiga muziki mji huu. Naapa."

Pumzi hakunong'ona. "Mheshimiwa, miaka yote hii nawaambia watu wa nje kwamba huku tunaishi. Leo wamekuja kusikia, unataka tujifiche chini ya kitanda? Ukinifungia, nifungie. Siwapigii mji usiokuwepo."

Nikapandwa na mori. Nilimkasirikia yeye kwa kunigombeza mbele ya watu, nikajikasirikia mimi kwa ujinga wangu, kisha nikamkasirikia Afisa, na bahati yake mbaya yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikampiga kikumbo, nikafika kwenye swichi. Mashine tupu hupiga mayowe, kwa hiyo nikamimina debe zima la mahindi yangu mwenyewe, na mkanda ukashika njia yake. Tak, tak-a, tak. Fundi mitambo aliruka kukimbilia nyaya zake, mtangazaji akamzuia kwa mkono.

"Fundi bati!" Pumzi akaita. "Nyundo yako iko wapi?"

"Nimeificha!"

"Kaifichue, baba, tunakusubiri wewe!"

Basi hapo ndipo alipopiga. Sina maneno ya kimuziki mimi, nina ya unga tu. Ninachojua ni kwamba wauza nyanya walirudia kelele zao, fundi cherehani akafungua kibanda, na ndugu yangu akawa anawajibu mmoja mmoja kwa saksafoni, anawatania, anawabembeleza, anawatukana kidogo. Walipofika pa kupumzika mtangazaji akamuuliza hewani, hapa tulipo ni wapi? Pumzi hakutaja mji. Alitaja mtaa wetu. Mtaa ambao redioni hautajwi ila kwa mafuriko na vibaka. Akasema, anayesaga ni dada yangu, anayegonga ni fundi bati, na wale wanaopiga kelele wanauza nyanya, nao hawapunguzi bei. Nililia. Nililia mbele za watu wote na unga ukanigandia mashavuni, na sikujifuta.

Kesho yake Afisa alikuja mwenyewe, hakutuma mtu.

"Kibali kimefutwa," akasema. "Si baa, si harusini, si popote. Umetutia aibu mbele ya dunia."

Pumzi alikuwa ameketi juu ya gunia anaifuta saksafoni. Akaendelea kufuta kitufe kilekile cha uzi. Muziki ndio kula kwake, ndio na kulala kwake. Iliniuma kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi leseni ya kusaga ninayo?"

"Unayo, Mama."

"Imeandikwa mashine yangu isipige kelele mchana?"

"Hapana. Mashine lazima ipige kelele."

"Basi huyu ni mfanyakazi wangu. Na hicho alichoshika ni sehemu ya mashine."

"Mama Unga, huo ni mzaha."

"Basi cheka."

Hakucheka. Wateja waliokuwa foleni walicheka, tena sana, wengine wakashika mbavu. Pumzi akanitazama kutoka kwenye gunia, macho yamemjaa maji, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, kweli umeniajiri?"

"Wateja wanasubiri," nikamwambia, "na wewe umekaa?"

Akainuka, akapuliza, Afisa akiwa bado hajavuka kizingiti.