Benchi la Mbele

Juzi, katika ofisi ya shule moja ya sekondari hapa Shituru, nilimkuta mama mmoja ameshika mkono wa binti yake.

« Citoyen préfet, mutoto yangu hasikiake muzuri. Anasikiaka na macho, akiona midomo ya muntu. »

Préfet, mkuu wa shule, akatabasamu. « Usiogope, mama. Tutamuikalisha mbele. »

Mama akashukuru, akaenda zake.

Nilipotoka nikapita dirishani mwa darasa. Msichana alikuwa peke yake kwenye benchi la mbele, amenyoosha shingo. Mwalimu alieleza kwa bidii, uso ubaoni. Nyuma wenzake wakacheka. Msichana akageuka, naye akacheka, wao wakiwa wamekwisha nyamaza.

Ndivyo tunavyowasaidia watoto kama huyu: tunamsogeza mtoto karibu, halafu tunampa mgongo.