Pikipiki ya Asali

Mwezi uliopita nilitoka Gongoni na pikipiki yangu kwenda Itetemia kumwona baba. Pale njia panda vijana wa bodaboda walikuwa wamejilaza juu ya pikipiki zao wakitafuna miwa. Mmoja akapaza sauti: "Mama, mzee kakuazima leo? Usije ukamwangushia!" Wenzake wakacheka. Ndugu yangu, mimi ni mtu mzima, nina watoto walionipita kimo, lakini damu ilinichemka kama ilivyonichemka nikiwa msichana wa shule ya msingi. Ngoja nikueleze.

Baba yetu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa porini, mbali kupita Ntalikwa, na pikipiki yake nyekundu ilinuka nta, moshi na petroli. Kiangazi kimoja, karanga zilipokwisha kung'olewa na shamba kubaki wazi, akaamua kumfundisha kaka kuendesha. Kazi yangu mimi ilikuwa kusukuma. Kaka anakaa juu, baba anatembea kando yake akifoka, mimi nyuma nasukuma huku nikimeza vumbi na moshi wa ekzosi.

"Achia klachi taratibu! Ongeza moto! Mchanga hautaki mwoga!"

Kaka alikuwa anaogopa. Simlaumu, yeye alipenda mbuzi wake na utulivu wao. Akifika penye mchanga anakanyaga breki, pikipiki inalala ubavu, na baba ananigeukia mimi: "Hukusukuma vizuri." Mimi!

Lakini kila alichofokewa kaka, mimi nilikishika. Jioni, tukibangua karanga na bibi, mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaachia klachi hewani. Bibi, mama yake baba, akaniona, akaendelea kubangua. Siku baba alipokwenda mnadani, akatandika mkeka wake kivulini, akaniambia, "Haya, itoe. Nikuone."

Nikaipiga kiki, ikakataa. Nikaipiga tena na tena mpaka kifundo kikaniuma, ikawaka. Niliangukia kwenye matuta, goti likachubuka. Bibi hakuinuka, aliendelea kutafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, akasema tu, "Goti litapona." Nikainuka. Jua lilipoanza kupinda nilikuwa nazunguka shamba zima, na kuku wote wa jirani wamekimbilia uani.

Msimu wa kurina ulipofika, baba akaanguka kutoka mtini akavunjika mguu. Wenzake walikubali kumrinia, ila nani angeileta asali nyumbani? Alitumwa kaka. Akarudi kwa miguu, pikipiki ameiacha mchangani. Ndipo bibi akamwambia baba, "Huyu msichana anaweza." Baba akageukia ukutani. Kisha akautupa ufunguo pembeni ya kitanda bila kunitazama.

Msimu ule, kila nikitoka shule, aliyeileta asali nilikuwa mimi. Nimevaa suruali ya kaka, khanga nimeikaza juu yake, ndoo mbili za asali zimefungwa nyuma kwa mipira. Nilipita kwenye mchanga ule ule uliomshinda kaka, nikaongeza moto, nikavuka. Nikifika nyumbani nyuki wawili watatu bado wananifuata, na bibi ananipokea kwa maji ya kunawa, si kwa maswali. Chumvi, mafuta ya taa, sare za shule, dawa ya mguu wa baba: vyote vilitoka kwenye ndoo zile.

Mguu ulipopona, akaja jirani yetu, mzee wa kanisa. Akanywa uji wetu, akafuta ndevu, akamwambia baba, "Binti kutanua miguu juu ya pikipiki barabarani ni aibu. Nani atamwoa?" Uji wenyewe ulikuwa na asali niliyoileta mimi.

Bibi aliweka kata chini. "Bibi yangu alikwenda na misafara mpaka pwani kwa miguu, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Hapo hamkuona aibu. Mwanamke akibeba ni sawa, akipanda ndiyo aibu?"

Mzee akatazama kikombe chake. Baba naye akatazama chini. Nilisubiri aseme neno moja tu kwa ajili yangu. Hakusema. Kaka aliikataa pikipiki mbele ya wote, kwa hiyo baba akaiuza. Ndiyo, aliiuza! Afadhali asali irudi kubebwa kwa baiskeli kuliko nionekane nayo mimi. Nilipomuuliza, alinijibu, "Umeshajua kuendesha, inatosha."

Usiku ule bibi akamwandalia ugali mtupu. Baba akauliza mboga iko wapi. "Ilikuwa inakuja na pikipiki," akajibu bibi, akaenda kulala.

Mwezi uliopita, baada ya wale vijana kunicheka, nilimkuta baba ana homa. Sasa ni mzee, mwepesi kama ndoo tupu. Nikampandisha nyuma, akanishika kiuno kwa mikono miwili, nikampeleka zahanati. Nesi akamwamkia, "Shikamoo babu. Nani kakuleta?"

"Marahaba. Binti yangu," akasema, akivimba kwa fahari. "Hawa vijana wanaendesha kwa kubahatisha. Huyu nilimfundisha mwenyewe."

"Baba," nikamwambia, "ulimfundisha kaka. Mimi nilikuwa nasukuma."

Nesi alicheka, akidhani ni utani. Baba alinitazama kwa mshangao wa kweli, na hapo nikajua hadanganyi, ndivyo anavyokumbuka. Shamba la karanga limekuwa viwanja vyenye kuta na mageti. Mizinga haipo, na pori lenyewe wamelimaliza kwa mkaa. Kaka ukimuuliza anasema ni mambo ya zamani, tuyaache. Na mtu pekee ambaye angesimama katikati ya zahanati ile, akamtazama mwanawe machoni na kumwambia "Mwongo wewe," tulimzika Itetemia, na hakuna mwingine.