Tulipu Zangu za Kwenye Ndoo

Nawaambia ninyi kwa sababu hatutakutana kanisani. Mimi na Mama Neema tumepanga vyumba katika nyumba moja hapa Glenwood, Durban, na friji tunatumia moja. Wivu ulinianza mwaka jana, tulipu zake zilipochanua uani kwenye ndoo za rangi. Kila mgeni akiingia: "Eish, Mama Neema, maua gani haya!" Mimi nimekaa palepale, hata salamu sipewi.

Siri yake niliijua. Tunguu za tulipu, ambazo ukiziona utadhani ni vitunguu, hulazwa kwenye friji kabla ya kupandwa, zidanganyike kwamba Durban nayo ina baridi ya Ulaya. Basi mwaka huu nilipoona mfuko wa karatasi humo ndani, nilichota, nikazika kwenye ndoo yangu. Mama Neema alipouliza nani kagusa mfuko wake, nilimtaja mwanafunzi wa chumba cha nyuma, tena kwa sauti.

Majani yalichomoza kwa fujo. Nikawaita akina mama wa maombi waje waone tulipu, safari hii zangu. Walikuja na vitenge vya Jumapili. Mama Neema akainama, akakata jani, akalinusa, akamnusisha na mwenzake.

"Mama Debora," akasema polepole, "tulipu yangu nilishaka panda kitambo. Ile mfuko ilikuwa vitunguu ya kupikia sombe. Nikafikiri ni ile mwanafunzi alikula. Kumbe hakuna mwenye alikula."